Macho hayana pazia, wakaliweka wao

Kila familia ina mjomba mmoja wa muziki. Atakwambia ununue stendi nzito za chuma za kuwekea spika, na usiponunua basi hujawahi kusikia muziki. Stendi zenyewe unakuta zinakaribia bei ya spika. Je, anasikia kweli au anaona? Swali hilo lina historia, na sehemu yake ya mwanzo ilifanyika gizani.

Mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison ilianza kuzunguka kwenye kumbi za Marekani na maonyesho ya ajabu. Mwimbaji anasimama kando ya gramafoni, taa zinazimwa, zikiwashwa tena watu wanakuta kaondoka kitambo na mashine ndiyo inayoimba. Kumbe kulikuwa na mchezo. Mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alikuja kusema baadaye kwamba aliilinganisha sauti yake na ya mashine. Giza lilikuwepo, ila aliyelipanga alikuwa na bidhaa ya kuuza.

Mwaka 1950 watafiti wawili wa Bell Labs, Munson na Gardner, walieleza njia ya ABX: unasikia A, unasikia B, kisha X, nawe useme X ni ipi kati ya hizo mbili. Hapo hutakiwi kusifia. Unatakiwa kupatia.

Kwa upande wa spika, kazi kubwa ilifanywa Kanada na Floyd Toole, kwenye Baraza la Taifa la Utafiti huko Ottawa. Wahenga walisema macho hayana pazia; Toole alilitundika, jepesi linalopitisha sauti, spika zikakaa nyuma yake. Mwaka 1994, akiwa kampuni ya Harman, yeye na Sean Olive walichapisha jaribio la wasikilizaji 40, wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo. Walisikiliza bila kuona, wakasikiliza tena wakiona. Walipoona, spika ndogo ya bei nafuu ilishuka alama. Hilo mtu angelitegemea.

La pili ndilo linalogusa stendi. Nyuma ya pazia, spika ikihamishwa sehemu nyingine ya chumba, alama zilibadilika waziwazi. Pazia likiondolewa, tofauti hiyo karibu haikuonekana kwenye alama zao. Yaani macho hayakuwaongezea tu sauti isiyokuwepo. Yaliwafunika hata ile iliyokuwepo.

Sasa stendi kazi yake ni nini? Kwanza kabisa inaamua spika ikae juu kiasi gani. Kimo kikibadilika, sauti inayodunda sakafuni inakutana tofauti na ile inayokuja moja kwa moja sikioni. Hilo linasikika. Lakini mjomba anasifia chuma, na kimo hakitaji.

Ukitaka kumjaribu, tafuta stendi mbili za kimo kimoja, uziweke pale pale, sauti iwe sawasawa maana iliyozidi kidogo tu huonekana bora. Tundika kanga nyepesi. Anayebadilisha arushe shilingi kuchagua, asimwambie mtu, na afanye haraka kwa sababu sikio husahau upesi. Rudieni mara 16. Akipatia 8 tu, ni sawa na kubahatisha, na hela za chuma zibaki mfukoni.