Kundi Lisilo na Kiongozi: Habari za Ukungu wa Ute

Wanachuoni wa elimu ya viumbe walishindana muda mrefu juu ya jina la kitu kinyonge kionekanacho juu ya magogo yaliyooza na majani yenye unyevu. Huanza kama ute, mara nyingi wa rangi ya manjano, utambaao polepole ukimeza bakteria. Kisha hukauka na kusimamisha vijiti vidogo vyenye vumbi la mbegu, mfano wa uyoga. Je, ni mnyama au ni mmea? Mwaka wa 1859 Mjerumani Anton de Bary aliupa jina la Kiyunani lenye maana ya wanyama-kuvu, kwa kuwa mbegu zake hazitoi nyuzi kama za kuvu, bali hutoa seli zitembeazo. Shauri hilo la jina nitaliacha, maana siku hizi ukungu wa ute hauhesabiwi kuwa kuvu, wala mnyama, wala mmea. Shauri la pili ndilo zito: ni nani aamuruye humo?

Hapana budi kutofautisha koo mbili. Katika ukoo wa kwanza kila seli huishi peke yake udongoni. Chakula kikiisha, maelfu ya seli hukusanyika mahali pamoja na kufanya mwili mmoja, kama konokono asiye na kombe. Mwili huo hutambaa, kisha husimama. Baadhi ya seli hufa na kuwa shina, na nyingine huwa mbegu juu yake. Katika ukoo wa pili hapana mkusanyiko wa namna hiyo. Huko ute wote ni seli moja kubwa mno, yenye viini visivyohesabika, iliyoenea kama wavu wa mishipa.

Mwaka wa 1935 Mmarekani Kenneth Raper alitangaza aina moja ya ukoo wa kwanza, Dictyostelium discoideum, aliyoipata katika majani yaliyooza ya msitu wa milima ya North Carolina. Mwaka wa 1947 John Tyler Bonner alithibitisha ya kuwa seli hizo huitana kwa kemikali. Alipitisha maji polepole juu yake: seli zilizokuwa upande wa chini wa mkondo zilikifuata kituo cha mkusanyiko, na zile za upande wa juu hazikuvutwa. Kemikali hiyo akaiita akrasini, kwa jina la Acrasia, mwanamke mchawi wa utenzi wa Spenser. Mwaka wa 1967 yeye na wenziwe waliitambua kuwa ni AMP ya mzunguko, kitu ambacho kimo hata katika miili yetu.

Basi mwito ulijulikana, mwitaji hakujulikana. Wengi walidhani ya kuwa zimo seli teule, waasisi, zianzazo kuita na nyingine zote zikatii. Mwaka wa 1970 Evelyn Fox Keller, mtaalamu wa fizikia, na Lee Segel, mtaalamu wa hisabati, walitoa shauri jingine. Keller alikuwa amesoma makala ya Alan Turing ya mwaka wa 1952, ionyeshayo jinsi umbo liwezavyo kuzuka mahali palipokuwa sawa pande zote. Wakaonyesha kwa hesabu ya kuwa seli zote zaweza kuwa sawa. Njaa ikizidisha utoaji wa akrasini na wepesi wa kuisikia, usawa wenyewe hauwezi kusimama: palipozidi seli kidogo kwa bahati pataita zaidi, patapata zaidi, na kundi litakuwa limezaliwa pasipo amri ya mtu. Hesabu zao zimekuwa msingi wa fani nzima ya hisabati. Hata hivyo habari za seli waasisi ziliendelea kupendwa, na mwaka wa 1983 Keller aliandika kuuliza sababu, akiwa haoni ushahidi wa kutosha wa kuwapo kwao. Jibu lake lilikuwa kwamba watu huona wepesi kukubali maelezo yenye mtawala mmoja katikati. Sisi tuliozoea nahodha katika jahazi na jumbe katika mji tusifanye haraka kuwacheka wale waliowatafuta waasisi.

Swali lilo hilo lilihamia ukoo wa pili, huko Japani. Mwaka wa 2000 Toshiyuki Nakagaki na wenziwe walieneza Physarum polycephalum katika mzingile mzima, wakaweka chakula kwenye milango miwili. Ute ukajiondoa katika njia zilizoziba, ukabakiza mshipa mmoja mnene katika njia iliyo fupi. Mwaka wa 2010 Atsushi Tero, Nakagaki na wenzao waliweka chakula mahali pa miji 36 inayozunguka Tokyo, na kwa kuwa ute huu huchukia mwanga mkali, wakamulika palipo na milima. Baada ya saa 26 wavu wake ulikaribiana na reli za mji ule kwa gharama, kwa wepesi wa kupita, na kwa kustahimili mshipa mmoja ukikatika. Magazeti yalishangilia akili isiyo na ubongo. Neno hilo mimi sikubaliani nalo. Mshipa upitishao maji mengi hunenepa, upitishao machache husinyaa na kufa, mithili ya mifereji ya shambani. Na hilo latosha kustaajabiwa bila kuongezewa akili.

Tangu hapo kompyuta zimechukua kanuni na kumwacha kiumbe. Jeff Jones wa Bristol alitunga programu yenye chembe za hisabati, na mwaka wa 2020 wanajimu wa California waliitumia namna ya programu hiyo, wakifanya galaksi 37,000 hivi kuwa chakula, ili kukisia nyuzi za maada ziunganishazo galaksi hizo. Kila chembe hunusa mbele yake na kuacha alama nyuma yake, wala hapana iliyotangulizwa juu ya nyingine.