Shabiki wa Kando ya Ziwa Hakuwahi Kukaa Kimya

Kisian ni njia panda. Kilomita chache magharibi mwa Kisumu, barabara ya Busia huachana hapo na ile ya Bondo, na reli ya Butere hupita jirani. Mwisho wa juma magari ya maiti yanayotoka Nairobi hupita hapo kuelekea Seme, Bondo na Siaya, na mara nyingi nyuma yake kuna gari jingine lililopakia spika, gitaa na ngoma. Kisian pia ina kituo kikubwa cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ambacho huleta wageni kutoka kila pembe. Basi si ajabu shabiki aliyelelewa na kumbi za Toronto, au na tamasha la Nuits d'Afrique linalofanyika Montreal tangu 1987, kufika hapa na kuuliza muziki wa ziwa hupigwa wapi na tiketi ni bei gani. Swali la kwanza lina majibu tele: matangani, harusini, kwenye harambee, baa. La pili ndilo gumu. Malipo yapo, ila hayakusanywi mlangoni.

Magazeti yetu humchora mgeni huyo kwa sura mbili. Mara ni mkombozi aliyekuja kuokoa ala ambazo vijana wetu wamezitupa; mara ni mwizi aliyekuja kuchota asichopanda. Sura zote mbili zinamweka msikilizaji nje ya wimbo, kama mtu anayeupokea ukiwa umekwisha kutungwa. Historia ya muziki wa Waluo haimruhusu msikilizaji kukaa huko nje. Kuanzia nyatiti hadi benga ya gitaa na ohangla ya ngoma ya leo, anayesikiliza ndiye anayelipa, na akishalipa ana haki ya kusema. Hoja yangu ni kwamba haki hiyo ndiyo iliyoupa muziki huu umbo lake, na kwamba mgeni apimwe kwa jinsi anavyoiheshimu.

Tuanze na nyatiti, ala ya nyuzi nane. Mpigaji hukaa juu ya kigoda kifupi, ala ikiwa chini mbele yake. Kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga mbao, na mguuni zimefungwa njuga. Mtu mmoja anatosha kuwa bendi nzima. Lakini hawezi kuwa onyesho zima, maana katikati ya wimbo mtu yeyote miongoni mwa wasikilizaji anaweza kumsimamisha. Huweka pesa, wimbo hukatika, naye husimama kujisifu, au kumsifu mpenzi wake, shemeji yake, kijiji chake. Desturi hii ni pakruok. Sifa hazisemwi waziwazi. Hupitia mafumbo, majina ya kupanga na vijembe vya kuchekesha, na akimaliza, mwingine huinuka na pesa yake kutaka kumpita. Mpigaji anapumzisha koo, anapata riziki, na zaidi ya hapo anapata malighafi: jina lililosifiwa sasa hivi litaimbwa baada ya dakika mbili likiwa limevishwa nyuzi. Usiku ukienda vizuri, mashairi mengi hutoka kwa waliokuja kusikiliza. Anayeujua ukumbi wa taarab wa Tanga au Unguja hatashangaa sana, kwa kuwa huko pia anayekwenda mbele kumtunza mwimbaji huchagua ubeti wa kuinukia, na kila mtu hujua ujumbe umemwendea nani. Tofauti ni kwamba mtunzaji wa taarab huazima maneno ya mwimbaji. Wa nyatiti huja na yake.

Sasa fikiria santuri. Mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipozunguka Afrika Mashariki na mashine zake mwaka 1950 akirekodi Waluo pamoja na majirani zao, santuri za wakati huo zilibeba kama dakika tatu tu kila upande. Kazi yake ni hazina, wala simlaumu kwa mipaka ya mashine. Lakini tukubali kilichopotea. Katika dakika tatu huwezi kumpisha mtu asimame, ajisifu, achekwe na ajibiwe. Hifadhi hiyo ya sauti ilimweka mpigaji peke yake, na vizazi vilivyojifunza muziki huu kutoka kwenye maktaba vilidhani ndivyo ulivyokuwa.

Gitaa lilipotawala baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na benga ilipokomaa katika miaka ya 1960 na 1970, desturi ya pakruok ilihamia kwenye umeme. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa upande wa Shirati nchini Tanzania aliyejijenga Kenya na bendi yake ya Shirati Jazz, Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee, George Ramogi: sikiliza kazi zao na utakutana na orodha ndefu za majina. Kuna wafadhili, marafiki wa bendi, wenye maduka, warembo wa mitaa fulani. Masikio yasiyozoea huyaona majina hayo kama kichaka kinachoficha wimbo. Ukweli ni kwamba ndiyo nguzo zake. Santuri ndogo za benga mara nyingi ziligawa wimbo sehemu mbili, upande huu na ule, na nafasi hiyo ndiyo iliyowezesha kutaja watu kwanza kisha kuwaachia gitaa waliotaka kucheza. Misiani alikwenda mbali zaidi. Alisema kuhusu siasa kwa visa vya wanyama na vya Biblia, akamwachia msikilizaji kazi ya kufumbua. Polisi nao walifumbua, ndiyo maana alikamatwa zaidi ya mara moja. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006.

Hapa lipo pingamizi zito. Kama msikilizaji wa Kisumu ndiye aliyeunda benga, mbona muziki huo ulipendwa Zimbabwe na watu wasiojua neno hata moja la Kijaluo? Santuri za mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo zilienea huko kiasi kwamba muziki wenyewe ukaitwa kanindo, na wapiga gitaa wa sungura, mtindo wa huko, wakachota humo. Yaonekana basi kilichosafiri ni gitaa, na pakruok ilibaki nyumbani bila kuleta hasara yoyote. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Gitaa la benga, lenye besi inayosukuma na sauti zinazojibizana, linajitosheleza. Ila hata Zimbabwe halikubaki kama lilivyofika. Wachezaji na wanamuziki wa huko walilipinda kufuata miguu yao na lugha zao, hadi likawa jambo lao. Hilo halipunguzi nguvu ya msikilizaji. Linaonyesha kwamba akibadilika yeye, muziki nao hubadilika.

Pingamizi la pili ni la pesa, nalo hutolewa na Waluo wenyewe, hasa wazee na watu wa kanisa: sifa za kununua haziwezi kuwa sanaa, na mwanamuziki anayemwimba aliyemlipa ni mpambe. Kuna ukweli hapa, hasa majira ya kampeni, mwanasiasa anaponunua wimbo mzima na kuupeleka mkutanoni. Lakini huo si mwendo wa pakruok. Kwenye nyatiti anayelipa hununua dakika ya kusikilizwa tu. Kusifiwa atajitafutia mwenyewe mbele ya watu wanaoweza kumcheka, na mwenye senti chache zaidi lakini ulimi mkali anaweza kumfunika. Mnunuzi akiwa mmoja, mashindano hufa, na wimbo hugeuka tangazo. Lawama hiyo basi imwangukie mnunuzi wa jumla, si desturi.

Turudi kwa wageni. Ayub Ogada alipiga nyatiti mitaani Uingereza katika miaka ya 1980, na mwaka 1993 kampuni ya Real World ikatoa albamu yake En Mana Kuoyo. Wimbo wake Kothbiro ulisikika duniani kote kupitia filamu The Constant Gardener ya 2005. Alirejea nyumbani na kufariki Nyahera, si mbali na Kisian, Februari 2019. Ni muziki mzuri ajabu, na ni nyatiti iliyoondolewa umati: tulivu, ya peke yake, iliyokaa sawasawa na ukumbi ambamo watu hupiga makofi mwishoni. Kwa upande mwingine yupo Eriko Mukoyama, Mjapani anayejulikana kama Anyango, aliyejifunza nyatiti kijijini Siaya katika miaka ya 2000 chini ya Okumu K'Orengo, ingawa desturi iliwatengea wanaume ala hiyo. Wanaosema wageni hutaka tu mambo ya kale yasiyoguswa wamsahau kwanza huyu, maana wazee walimpa mgeni ruhusa ambayo binti zao hawakuwa wameipata. Hilo lingestahili makala yake, na lawama zake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni bendi ya Extra Golden. Ian Eagleson, Mmarekani, alikuja Kenya kutafiti benga kwa ajili ya shahada yake, akaishia kuiunda pamoja na mwenzake Alex Minoff na Waluo Otieno Jagwasi na Onyango Wuod Omari. Jagwasi alifariki 2005 kabla albamu yao ya kwanza haijatoka. Mwaka uliofuata walialikwa Chicago, viza zikakwama, na ofisi ya Seneta Barack Obama ikawasaidia kuzipata. Walifanya nini? Walitunga wimbo uliomtaja kwa jina. Ulipotoka 2007 Obama alikuwa akigombea urais, na wengi wakadhani ni wimbo wa kampeni. Msikilizaji wa Bondo aliutambua mara moja: mtu amekutendea wema, bendi inalipa deni lake kwa jina. Wamarekani wale walikuwa wameshika kanuni, si mapigo ya gitaa tu.

Kwa hiyo nina shaka na miradi mingi ya kuhifadhi muziki inayoendelea sasa, ya wageni na ya kwetu pia. Mwanamuziki huketishwa chini ya mwembe, watu huombwa wanyamaze, kamera huwashwa, wimbo hupigwa kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa. Tracey alibanwa na dakika tatu za santuri. Kinasa sauti cha leo kinaweza kukaa wazi usiku kucha, na anayekishika, awe Mkanada au mzaliwa wa Seme, hana sababu ya kumnyamazisha mtu anayeinuka na noti ya mia mkononi kutaka wimbo usimame kidogo aseme yake.