Dola 10 kwa Atakayemrudisha Mwanagenzi

Tarehe 24 Juni 1824, gazeti moja la mji wa Raleigh, North Carolina, lilichapa tangazo la mshona nguo James Selby. Wavulana wawili, mtu na kaka yake, walikuwa wametoroka karakana yake, naye alikuwa tayari kumpa dola 10 yeyote atakayewarudisha. Mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 15 na hakuwahi kukanyaga darasa. Mama yake, aliyeachwa mjane, alikuwa amemweka kwa Selby mpaka atimize miaka 21. Jina lake Andrew Johnson. Mwaka 1865, Abraham Lincoln alipouawa, mtoro huyo akawa Rais wa Marekani.

Kilichompa Selby haki ya kumsaka mtoto wa watu kama anayesaka ng'ombe aliyepotea ni karatasi ya mkataba. Desturi ya karatasi hiyo ilivuka bahari kutoka Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1563 ilimtaka kijana atumikie fundi wake miaka 7. Hapo kale mkataba uliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa katikati kwa mstari wa meno-meno, mithili ya msumeno. Fundi akabaki na kipande chake, upande wa kijana ukabaki na chake. Ugomvi ukizuka vipande vinawekwa pamoja. Meno yakishikana, mkataba ni wa kweli. Fundi aliahidi chakula, malazi na ujuzi. Kijana aliahidi utii, na kwa kawaida mshahara haukuwamo.

Benjamin Franklin alijua thamani ya karatasi hiyo kuliko wengi. Mwaka 1718, akiwa na miaka 12, aliwekwa kwa kaka yake James, mpiga chapa wa Boston. Miaka 5 baadaye wakubwa wa koloni walimkataza James kuchapisha gazeti lake, naye akabuni hila: gazeti litoke kwa jina la Benjamin. Ili hila isimame, alimrudishia mdogo wake mkataba wa zamani ukiwa umeandikwa nyuma kwamba yuko huru, kisha wakatia sahihi mwingine kwa siri. Walipogombana, Benjamin akaondoka zake, akijua vizuri kwamba kaka yake hathubutu kuuonyesha hadharani mkataba wa siri. Baadaye mwenyewe alikiri kuwa haikuwa haki. James alizunguka kwa wapiga chapa wote wa Boston kuwaonya wasimpe kazi, kwa hiyo kijana akaishia Philadelphia.

Kuna waliokuwa na mkono wa kazi lakini mlango wa ufundi umefungwa. Mwaka 1836 Frederick Douglass, akiwa bado mtumwa, alipelekwa kwenye gati la kuunda meli huko Baltimore ajifunze kukalafati. Wanagenzi Wazungu walimvamia, wakampiga mpaka jicho likakaribia kutoka. Alijifunza kazi hiyo kwingine, akawa fundi wa kulipwa vizuri, na ujira wote ukachukuliwa na bwana wake.

Mashine za karne ya 19 ziliua sehemu kubwa ya mfumo huu. Kiwanda kilihitaji mikono mingi, si mafundi wengi, na neno mwanagenzi likawa mara nyingi jina la heshima la kibarua wa bei rahisi. Aliyewahi kupita gereji za Gerezani, Dar es Salaam, anamjua spanaboi anayeingia kwa kujuana, analipwa hela ya chai, na hata akiiva kazini hana kikaratasi cha kumwonyesha mtu.

Huko Marekani, jimbo la Wisconsin ndilo lililoipindua karatasi. Sheria yake ya mwaka 1911 ilikuwa ya kwanza nchini humo kuweka mikataba ya wanagenzi chini ya usimamizi wa jimbo, na iliwataka waajiri wawaachie vijana saa 5 kila wiki za kukaa darasani. Sasa aliyeulizwa maswali alikuwa fundi. Tarehe 16 Agosti 1937, Frances Perkins akiwa Waziri wa Kazi, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya taifa zima iliyoletwa na mbunge William Fitzgerald wa Connecticut. Ni sheria fupi mno. Inamwagiza waziri aweke viwango vya kulinda maslahi ya wanagenzi na kuwaleta pamoja waajiri na vyama vya wafanyakazi. Kutokana na mbegu hiyo zimeota kanuni za leo: ujira unaopanda kadiri ujuzi unavyoongezeka, kazi ya saa zisizopungua 2,000 katika mipango inayopimwa kwa muda, masomo ya takriban saa 144 kwa mwaka, na cheti kinachotambulika nchi nzima.

Daftari la serikali la kuandikisha wanagenzi, hata hivyo, halikuuliza nani anaingia. Mwaka 1964 tume ya haki za binadamu ya jimbo la New York ilibaini kwamba tawi namba 28 la chama cha mafundi bati halikuwahi kuwa na mwanachama wala mwanagenzi Mweusi hata mmoja. Nafasi zilikwenda kwa jamaa waliodhaminiwa na wanachama. Huko Gramercy, Louisiana, kiwanda cha kampuni ya Kaiser kilitaka mafundi wenye uzoefu, uzoefu ambao Weusi walikuwa wamenyimwa pa kuupatia. Kufikia mwaka 1974, kati ya mafundi 273, Weusi walikuwa 5, ingawa walikuwa asilimia 39 ya nguvukazi ya eneo hilo. Kampuni na chama cha wafanyakazi vikaanzisha mafunzo humohumo kiwandani, nusu ya nafasi zikatengwa kwa Weusi. Wa kwanza walikuwa 13: Weusi 7, Wazungu 6. Mfanyakazi Mzungu aliyekosa nafasi alishtaki, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaupitisha mpango huo.

Miaka ya karibuni serikali imetaka daftari linenepe, na agizo la Rais Donald Trump la Aprili 2025 lilitaja wanagenzi wapya zaidi ya milioni 1 kwa mwaka. Wengi wanaoandikishwa hawafiki kwenye cheti. Kanuni zinawaruhusu: mkataba una kipindi cha majaribio, na ndani yake mwanagenzi au mwajiri anaweza kuuvunja bila kutoa sababu. Hata kipindi hicho kikipita, mwanagenzi anaweza kuomba uvunjwe, na hakuna wa kumtangaza gazetini.