Historia Fupi ya Mradi wa Pidgin

Mradi wa programu huria unaojulikana leo kwa jina la Pidgin ulianza mwishoni mwa mwaka 1998 katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimboni Alabama nchini Marekani, ambako mwanafunzi Mark Spencer aliandika programu ya kuwawezesha watumiaji wa mfumo wa Linux kuingia katika huduma ya ujumbe wa papo hapo ya kampuni ya AOL. Huduma ya namna hiyo humwonyesha mtu ni nani kati ya wenzake aliyeko mtandaoni kwa wakati huo, na humwezesha kuandikiana naye maneno yanayofika mara moja, tofauti na baruapepe inayosubiri kufunguliwa. Programu hiyo iliitwa Gaim, nayo ilitolewa chini ya leseni ya GPL, ambayo humruhusu yeyote kusoma msimbo chanzo, yaani maelekezo yaliyoandikwa na mtunzi wa programu, kuubadilisha na kuusambaza, ili mradi awape atakaowasambazia ruhusa ileile aliyopewa yeye. Spencer hakudumu katika kazi hiyo. Aligeukia mfumo huria wa simu uitwao Asterisk, ambao ndio uliomjengea jina, na Gaim ikabaki mikononi mwa watu wa kujitolea kama Rob Flynn, Eric Warmenhoven na, kwa miaka mingi, Sean Egan.

Katika zama hizo kila kampuni ilikuwa na itifaki yake, yaani kanuni ambazo programu na seva hufuata zinapowasiliana, kiasi kwamba mteja wa AOL hakuweza kumwandikia mteja wa Yahoo wala wa MSN ya Microsoft. Gaim haikujaribu kuzipatanisha kampuni hizo. Iliitengenezea kila itifaki programu-jalizi yake, ambayo ni kipande kinachopachikwa katika programu kubwa, na hivyo akaunti zote za mtu zikakaa katika dirisha moja. AOL ilikuwa imeichapisha hadharani itifaki moja iliyoitwa TOC, lakini ile iliyotumiwa na programu yake yenyewe, OSCAR, iliifanya siri, kwa hiyo watu wa kujitolea walilazimika kuchunguza data inayopita kati ya kompyuta na seva ili kuzikisia kanuni zake. Kazi hiyo haikuwa na mwisho, kwa kuwa kampuni iliweza kubadili seva zake siku yoyote ipendayo, na watumiaji wa Gaim wakajikuta wamefungiwa nje hadi mabadiliko yagunduliwe na kufuatwa.

Uamuzi uliokuwa na uzito kuliko yote, hata kama watumiaji wengi hawakuutambua, ulikuwa wa kuitenga sehemu inayoshughulikia itifaki na ile inayoonekana kwenye skrini. Sehemu ya kwanza ikawa maktaba, yaani mkusanyo wa msimbo ambao programu nyingine zinaweza kuutumia bila kuuandika upya, na ndiyo iliyotumiwa na Adium, programu mashuhuri ya kompyuta za Mac, pamoja na huduma ya Meebo. Mtu aliyeandikiana na rafiki zake kwa Adium alikuwa akitumia kazi ya mradi huu pasipo hata kulisikia jina lake.

Jina lenyewe lilileta mvutano wa kisheria. AOL, iliyokuwa na haki ya alama ya biashara ya AIM, jina la huduma yake ya ujumbe wa papo hapo, ililalamikia herufi tatu za mwisho za Gaim, na mazungumzo ya kisheria, ambayo wanamradi hawakuruhusiwa kuyaeleza hadharani, yalilichelewesha toleo la 2.0 kwa muda mrefu. Makubaliano yalipofikiwa mwezi Aprili 2007, programu ilipewa jina la Pidgin na maktaba ikaitwa libpurple, kisha toleo lililosubiriwa likatoka mwezi Mei. Shirika lisilo la faida liitwalo Instant Messaging Freedom liliundwa ili waandishi wa programu wasibebe madai ya aina hiyo kila mmoja peke yake.

Mwaka 2008 ugomvi mwingine ulizuka, safari hii ndani ya jamii yenyewe, baada ya toleo la 2.4 kuondoa uwezo wa mtumiaji kubadili kwa mkono ukubwa wa kisanduku cha kuandikia. Wasioridhika waliuchukua msimbo, kama leseni ilivyowaruhusu, wakaanzisha programu yao ya Funpidgin, iliyoitwa Carrier baadaye. Chanzo cha ugomvi huo kilikuwa kidogo mno, lakini swali la nani mwenye kauli ya mwisho juu ya programu huria halikuwa dogo.

Pigo kubwa zaidi halikutokana na mvutano huo wa kisheria wala ugomvi. Watu walihamia kwenye simu za mkononi, na huduma ambazo Pidgin ilizifukuzia kwa miaka mingi zikafungwa moja baada ya nyingine: AIM mwezi Desemba 2017, Yahoo Messenger mwezi Julai 2018, na hatimaye ICQ mwezi Juni 2024. Programu-jalizi za huduma kadhaa zilizokufa ziliondolewa katika Pidgin. Nyingi kati ya itifaki zilizosalia zenye uhai ni zile ambazo kanuni zake ziko wazi na hazimilikiwi na kampuni moja, hasa XMPP, iliyoanzishwa na Jeremie Miller mwaka 1999 kwa jina la Jabber. Toleo la 3, ambalo limekuwa likiandaliwa kwa miaka mingi chini ya Gary Kramlich, linaijenga upya libpurple, na itifaki ya kwanza kufanyiwa kazi humo ni IRC, iliyobuniwa nchini Ufini mwaka 1988, miaka kumi kabla ya Gaim.