CT ya mwali wa koni huonyesha mifupa ya uso, si ubongo

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

MTU aliyeanguka na bodaboda katika Barabara ya Bagamoyo huweza kuamka kesho yake shavu limevimba, jicho limefumba na mdomo wa juu una ganzi, ilhali picha ya kawaida ya eksirei haionyeshi kasoro yoyote.

Sababu ni maumbile ya sehemu ya kati ya uso. Baina ya nyusi na meno ya juu ipo mifupa mingi iliyopandana: taya la juu, mifupa ya mashavu, ya pua na ya matundu ya macho, pamoja na sainasi zilizojaa hewa. Eksirei huibana yote katika kivuli kimoja, na ufa hujificha nyuma ya mfupa mwingine.

Kipimo cha CT ya mwali wa koni, kilichoingia katika tiba ya meno mwishoni mwa miaka ya 1990 kutoka Italia na Japani, hupunguza sana tatizo hilo. Mgonjwa huketi au husimama, kichwa kikiwa kimetulizwa, na mashine humzunguka mara moja kwa sekunde zipatazo 10 hadi 40. Kompyuta huunganisha mamia ya picha, na daktari huutazama uso kipande kwa kipande, kutoka upande wowote. Mionzi yake kwa kawaida ni michache kuliko ya CT ya hospitali, ingawa huzidi ile ya picha ya kawaida ya meno.

Hapo huonekana sakafu ya tundu la jicho, mfupa mwembamba kama karatasi. Ukivunjika, mafuta na misuli ya jicho huweza kudidimia katika sainasi iliyo chini yake, mgonjwa akaona vitu viwili viwili. Huonekana pia mfereji wa neva ya shavu na mdomo wa juu, ambako ganzi ile huanzia. Mistari mitatu ya mivunjiko ya uso, aliyoieleza daktari Mfaransa René Le Fort mwaka 1901 baada ya kuchunguza vichwa vya maiti, sasa hufuatiliwa kwa mtu aliye hai.

Hata hivyo, kipimo hiki hakionyeshi damu iliyovujia kwenye ubongo. Majeruhi aliyepoteza fahamu, anayetapika, au anayetokwa na majimaji maangavu puani anahitaji kwanza CT ya kawaida ya kichwa, wala asipelekwe kliniki ya meno kusubiri zamu.

Kwa upasuaji wa taya na uso, safari ya rufaa kutoka Bagamoyo huishia Muhimbili, hospitali ambayo chimbuko lake ni ile iliyogharimiwa na Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, katika miaka ya 1890. Njiani majeruhi asipenge kamasi: hewa hupenya kwenye ufa wa sainasi na kuingia katika tundu la jicho.