Chuma chakavu ni akiba, si takataka

Ndugu msikilizaji, mchele wa Kyela unajulikana katika masoko yote ya Dar es Salaam. Jina lake lina thamani kiasi kwamba hata mchele uliotoka kwingine huandikwa Kyela ili upate bei. Tunaujua kwa harufu na kwa ladha. Lakini ni wangapi kati yetu tunaojiuliza mpunga ule ulilimwa kwa zana gani, na ulikobolewa kwa mashine gani? Wiki hii nataka tuzungumze juu ya zana za watu wa Kyela na wa pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na hasa injini ndogo: zilitoka wapi, zinaishi vipi, na kwa nini nyingine hufa kabla ya siku zake.

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya ukoloni, Wanyakyusa waliokaa katika tambarare ile walipata chuma kutoka juu, katika milima ya Livingstone. Huko waliishi Wakinga, waliojua kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe na mikuki. Mkinga aliteremka na majembe, akarudi na chakula. Mkisi naye alikuja na vyungu kwa mtumbwi. Jembe lilikuwa mali, wala halikutupwa lilipolika. Mhunzi alilirudisha motoni akapata zana nyingine, japo ndogo zaidi. Tuliangalie sana jambo hili, maana ndilo msingi wa mazungumzo yetu: aliyekuuzia jembe ndiye aliyejua kulifua upya.

Ukoloni ulipoingia, yalikuja majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, mengi na ya bei nafuu. Matanuru ya kuyeyusha chuma yakazimika moja baada ya jingine. Mhunzi hakutoweka, lakini sasa alifua chuma cha watu wengine: vipande vya mapipa, vya reli, na baadaye springi za magari. Aliyetengeneza zana akawa Ulaya, anayeitumia akawa Kyela, na katikati yao ikawapo bahari.

Umbali huo uliwatesa hata wakoloni wenyewe. Mwaka 1893 Wajerumani waliingiza katika Ziwa Nyasa meli ya mvuke iliyoitwa Hermann von Wissmann. Haikufika ikielea kutoka Ujerumani. Ilikuja vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire, ikabebwa na watu pale penye maporomoko, kisha ikaunganishwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, tarehe 13 Agosti 1914, Waingereza wakiwa na meli yao Gwendolen waliikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Nahodha wake alikuwa hajapata habari kuwa kuna vita. Waingereza walimteka, wakaondoa baadhi ya vipande vya injini, wakaondoka navyo. Meli ilibaki palepale ikiwa na bodi na bomba lake, lakini haikuweza kwenda popote. Hata hivyo Waingereza hawakulala usingizi. Waliogopa kwamba mafundi wangeweza kuifufua, hivyo tarehe 30 Mei 1915 walirudi kuiharibu kwa baruti. Na bado haikufa. Baada ya kazi ya kuiinua na kuitengeneza, ilitumika tena ziwani chini ya Waingereza.

Basi, kilichoondolewa mwaka 1914 kingebebwa na watu wachache, lakini kiliigeuza meli nzima kuwa jiwe. Ndivyo ilivyo kwa mashine zote, kubwa na ndogo.

Katika miji na vijiji vingi vya nchi yetu, injini ndogo iliyozoeleka zamani ilikuwa Lister ya Uingereza, ile yenye magurudumu mawili mazito ya chuma, inayozunguka polepole na kusikika umbali mrefu. Ilianza kutengenezwa karibu na mwaka 1930, na kiwanda chake kiliacha kuitengeneza miaka ya 1980. Kwa nini basi nyingine zimeendelea kusaga na kukoboa? Kwa sababu viwanda vya India, hasa vya mji wa Rajkot, viliiga muundo wake na kuendelea kutoa injini na spea zinazoingiliana nayo. Kiwanda cha asili kilifunga mlango, lakini muundo ulikuwa umeshatawanyika duniani.

Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya 1979 hadi 1985. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, tukapigana vita na Idi Amin, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za kigeni zikaadimika. Magari yaliwekwa juu ya mawe kwa kukosa beringi moja. Ndipo fundi alipopata heshima yake. Alichukua ringi za pistoni kutoka injini hii, pampu kutoka ile, akakata gasketi ya kifuniko kwa karatasi ngumu, akapeleka shafti kwa mwenye mashine ya kukereza. Hakuna aliyeita kazi ile utaalamu. Tuliiita kubangaiza. Lakini nchi ilikula kwa sababu ya watu wale.

Leo katika tambarare ya Kyela utaiona zaidi injini ya Kichina, ya silinda moja, inayotumia dizeli na kuwashwa kwa hendeli. Maarufu miongoni mwake ni S195. Tarakimu hizo zina maana: 1 ni idadi ya silinda, na 95 ni upana wa silinda kwa milimita. Viwanda vingi vya China vimeitengeneza kwa michoro ileile, hivyo pistoni ya injini yenye nembo moja mara nyingi huingia katika injini yenye nembo nyingine. Nguvu zake ni kama za farasi 12. Hiyohiyo hufungwa kwenye pawatila ya kulimia, kesho hufungiwa mkanda ikakoboa mpunga, keshokutwa ikavuta maji. Tangi lake la maji liko wazi juu. Maji yakipungua kwa kuchemka, unaongeza. Fundi anayeijua namba hiyo ana ghala la spea kila mahali palipo na injini iliyokufa.

Mwaka 2009 Serikali ilitangaza Kilimo Kwanza, na halmashauri zikahimizwa kununua pawatila. Lengo lilikuwa jema, na wako wakulima walionufaika. Lakini sehemu nyingi nchini mashine zilionekana zimeegeshwa chini ya miti, zimeota nyasi. Baadhi hazikufaa udongo wa mahali zilikopelekwa. Nyingine zilikosa kitu kidogo tu. Pawatila ikifanya kazi katika matope ya mpunga, kinachozuia maji yasiingie kwenye gia ni sili ya mpira penye ekseli. Sili ikilika na isibadilishwe, maji na mchanga huingia, oili huharibika, na gia nzima huliwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nao hawakuwahi kuiona pawatila.

Sasa, ndugu msikilizaji, kumezuka hatari nyingine. Mnunuzi wa vyuma chakavu anapita vijijini na mizani yake. Mbele yake injini iliyosimama haina krenki wala silinda wala pampu. Ina kilo tu. Mwenye shida ya karo ya mtoto anauza, na siwezi kumlaumu. Lakini injini ile ikishayeyushwa kuwa nondo, spea zilizokuwa ndani yake hazirudi. Mara nyingi katika mashine tatu zilizokufa mna moja iliyo nzima, mradi magonjwa yao yasiwe mamoja. Mizani haiujui ukweli huo. Fundi anaujua, tena atakwambia bila kusita kipi kinaokolewa na kipi hakiokolewi: bodi, magurudumu na krenki isiyolika vinafaa, lakini ringi zilizochoka na boliti za konrodi zilizovutika asikufungie mtu yeyote, kwa kuwa boliti ikikatika injini inakwenda, konrodi hutoboa bodi.

Wengi wenu mnaosoma na kusikiliza mko mjini, na ninyi ndio mnaowanunulia wazazi mashine na kuzipeleka nyumbani kwa basi. Kabla ya kulipa, ulizeni mambo mawili: namba ya injini hii inajulikana kwa mafundi wa kule? Na sili, nozeli na mikanda yake inauzwa Kyela mjini au Mbeya? Jibu likiwa hapana, mnampelekea mzee mzigo. Nunueni na sili mbili za akiba, mziweke katika mfuko uleule wa zawadi.

Nazo halmashauri, kabla ya kuuza mashine mbovu kwa kilo, ziwaite mafundi wa mitaani wazifungue kwanza na kutenga kinachofaa. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ina nafasi hapa ya kuwapa vijana hao mafunzo na mashine za kukereza. Mkinga aliyeteremka mlimani na majembe yake alikuwa na ujuzi wa kuyafufua. Sisi tumenunua mashine nyingi bila kuununua ujuzi huo, na kila msimu wa mvua Kyela inatudai.

Tukutane wiki ijayo. Kwaherini.