Rizomu: Shina Linaloitwa Mzizi

Nyuzi nyeupe na ngumu ambazo jembe huzifukua kwenye shamba lenye sangari si mizizi. Ni mashina. Wanabotania huliita shina la aina hiyo rizomu: hutambaa kimlalo chini ya udongo, likichipua juu na kuotesha mizizi chini.

Kulitambua si kazi. Mzizi hauna vifundo. Rizomu ina pingili kama muwa. Kwenye kila kifundo pana jani lililosinyaa likawa gamba, na kwapani mwa gamba hilo pana jicho. Hata tangawizi ya kwenye chai ni rizomu, iliyonenepa kwa wanga. Mistari inayoizunguka ni makovu ya magamba.

Jicho la ncha huyazuia ya nyuma yasichipue. Ncha ikikatwa, yaliyolala huamka. Ndiyo maana plau ikipita kwenye sangari bila vipande kuokotwa, mkulima amepanda, hajapalilia.

Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania wana njia yao ya zamani ya kulima penye nyasi, intumba. Mvua zikielekea kwisha, nyasi hukatwa pamoja na udongo wake, zikageuzwa na kurundikwa kuwa matuta ya mviringo. Nyasi huoza ndani zikawa mbolea, maharage yakipandwa juu; msimu unaofuata tuta hutawanywa, ukaingia ulezi au mahindi. M. Lunan alikiandikia makala kilimo hiki mwaka 1950. Kwa upande wa rizomu, hesabu ni ya wanga: jicho lililofukiwa huishi kwa akiba hiyo tu mpaka jani lake lione mwanga. Katikati ya tuta safari ni ndefu. Pembeni ni fupi, na huko ndiko pa kukagua kwanza.

Sangari, Digitaria abyssinica, ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Kwetu ni gugu, lakini si gugu geni. Ugeni wake uko ng'ambo: Marekani imeiweka kwenye orodha ya shirikisho ya magugu hatari, pamoja na nyasi ya Kikuyu, nayo ya nyanda zetu za juu. (Tumezoea kulalamikia magugu ya watu, kumbe na sisi tumo.)

Tuliiteje basi kwa Kiswahili? "Shina la ardhini" laeleweka upesi, ila linakumba hata kiazi mviringo, ambacho nacho ni shina. Vitabuni nachagua rizomu. Bwana shamba akiwa mashambani Ufipa aseme "shina linalotambaa ardhini". Ukoka unalo hilo, tena una la pili linalotambaa juu ya udongo, stoloni. "Mzizi" asilitamke kabisa, kwani anayeambiwa akate mizizi atakata kweli. Aambiwe aling'oe shina zima kiangazi, alikusanye kwa reki na kulianika juani hadi livunjike mkononi.